Raskazone Hatuulizani Dini

Nianze na yale yasiyonikera, nisije nikaeleweka vibaya. Sikereki na dau lililoandikwa "Tawakal" ubavuni likiingia Deep Sea, pale wanaposhushia samaki, na samaki wake. Sikereki na bajaji yenye "Yesu ni Jibu" kwenye kioo cha nyuma, wala na kijana wa bodaboda aliyebandika "Mashallah" kwenye tangi la mafuta ilhali pikipiki yenyewe inavuja. Khanga ndiyo kabisa: mama zetu wamevaa dua mgongoni tangu hatujazaliwa, na hakuna aliyewahi kuomba wazivue. Tanga bila jina la Mungu barabarani mimi siitaki.

Ninachokisema hapa ni maneno yanayopigiliwa, kupakwa ukutani na kupigiwa kipaza sauti mahali ambapo watu wamekwenda kupumzika tu. Hayo yananikera, na kila mwaka yanazidi.

Upande ninaopenda kukaa mimi pale Raskazone, ufukweni mwa Tanga, pana mkungu mkubwa, na kivuli chake ndicho kinachogombewa siku za sikukuu. Kwenye shina mtu amepigilia kipande cha bati, akakipaka rangi nyeupe, na juu yake akaandika kwa kijani: SWALI KABLA HUJASWALIWA. Alianza na herufi kubwa, akaishiwa nafasi, na ile LIWA ya mwisho imejibana pembeni kama abiria wa daladala aliyeingilia mlangoni. Misumari imeshika kutu na utomvu wa mti umechuruzika mpaka chini. Ukigeuka, kwenye nguzo ya umeme, pana karatasi la mkutano wa Injili: mchungaji na mkewe, suti ya bluu, kipaza sauti mkononi, na maneno NJOO NA MGONJWA WAKO. Tarehe zake zimeshapita zamani. Jua limemla mchungaji uso, imebaki tai.

Bati ni la kwetu, maana mimi ni Mwislamu na swala naijua. Kwa hiyo naanza na kwetu.

Maneno yenyewe ni ya kweli, sina ubishi. Kufa tutakufa na jeneza litabebwa. Lakini tazama anayeambiwa ni nani. Chini ya ule mkungu siku ya Idd Pili anakaa mama na watoto wanne, kapu la maandazi, chupa ya chai na khanga mbili zilizotandikwa. Pengine swala ya Idd aliisali na adhuhuri yake hakuiacha. Pengine ni Mkristo aliyealikwa na jirani. Pengine wiki iliyopita wamemzika mtu, na ndugu wakamwambia toka kidogo, wapeleke watoto wakaoge bahari, utulize moyo. Bati halimuulizi lolote kati ya hayo. Limeshamhukumu kwamba haswali, likamkumbusha jeneza, na likamwacha hapo na maandazi yake.

Dau la Tawakal halinifanyii hivyo. Mwenye dau anajisemea mwenyewe: mimi nimemtegemea Mungu, bahari hii si mchezo. Anayesoma anasoma habari za mwenzake. Hata "Yesu ni Jibu" ya bajaji, ukiipima vizuri, ni ushuhuda wa dereva, tena baada ya dakika moja imeshakata kona kuelekea Chumbageni. Bati lile halina mwenyewe. Huwezi kumkuta ukamwambia, "Sheikh, nimeswali, naomba unipishe." Haondoki, hajibu, hasikii.

Sisi watu wa Tanga tuna sababu ya ziada ya kuliangalia jambo hili. Nyumba zetu zimechanganyika. Nenda Muheza kwa Wabondei, si ajabu kuwakuta Yohana na Athumani wametoka tumbo moja. Waanglikana walijenga misheni yao Magila tangu karne ya 19, Uislamu nao ukapanda kutoka pwani, na koo zikagawana bila kugawanyika. Lakini kuishi hivyo kuna kazi yake. Msibani kila upande una taratibu zake: huku khitma, kule ibada, na kuna dakika ambapo nusu ya ukoo inasimama nje ikisubiri nusu nyingine imalize. Harusini swali la kwanza ni nani amechinja. Watu wamelizoea, wanalifanya kwa adabu, lakini ni kazi hata hivyo, na wanaoibeba zaidi ni wanawake wa jikoni.

Ufukweni kazi hiyo haipo. Mihogo haichinjwi. Machungwa ya Muheza hayana dini. Watoto wa Yohana na watoto wa Athumani wakishavua mashati wakaingia majini, hata shangazi yao hawatambui kwa mbali. Sijui mahali pengine mjini hapa ambapo ukoo mzima unaweza kukaa kwenye mkeka mmoja tangu saa nane mpaka magharibi bila mtu hata mmoja kulazimika kusogea pembeni. Sokoni labda, lakini sokoni hakuna anayekaa. Sasa ukija na bati au spika, umeurudisha mkeka ule kwenye hesabu za nani wa wapi. Baba mmoja atatikisa kichwa kukubali, shemeji yake atajifanya hakuona, na mazungumzo yatakuwa na mwiba kidogo.

Najua nitakachoambiwa: mbona adhana hamuisemi? Adhana inatoka nyumbani kwake, msikitini, kwa wakati unaojulikana, na kwa dakika chache imekwisha. Inawaita wanaoitika. Ikisikika magharibi pale pwani, anayeswali anakung'uta mchanga, asiyeswali anaendelea na muhogo wake, na mabibi wanapiga kelele watoto watoke majini kwa sababu saa ile, kwa mujibu wa mabibi, bahari ina wenyewe. Kengele ya kanisa ni hivyo hivyo. Na Wakristo wanaobatiza baharini sina neno nao hata kidogo. Nimewakuta asubuhi na kanzu zao nyeupe, wakiimba, mtu anazamishwa na kuinuliwa huku ndugu wanampokea na taulo. Ile ni ibada yao, wanaifanya wao kwa wao, na mimi mpita njia nimepata kitu kizuri cha kutazama.

Kuna dhana, naisikia hata kwa masheikh vijana, kwamba mtu akiwa kwenye starehe ndipo hasa anapohitaji kukumbushwa, kwa kuwa ameghafilika. Sikubaliani nayo, na hoja yangu haitoki mbali. Ipo kwenye Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume. Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume, alikutana na Abubakari akamwambia, Hanzala amekuwa mnafiki. Kwa nini? Kwa sababu, alisema, tukiwa mbele ya Mtume tunakumbushwa pepo na moto hata ni kama tunaviona kwa macho, lakini tukirudi kwa wake na watoto na shughuli zetu tunasahau mengi. Abubakari akasema yeye pia hupatwa na hayohayo. Wakaenda wote wawili. Mtume akawaambia kwamba lau wangedumu katika hali ile waliyo nayo mbele yake, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao. Lakini, ewe Hanzala, kuna saa na saa. Akalirudia mara tatu. Haya, kama maswahaba wamepewa saa yao ya kucheza na watoto, mama wa chini ya mkungu ananyimwa na nani?

Kwa upande wa pili sina haja ya kuwafundisha watu kitabu chao, ila Mathayo sura ya 6 ipo, na inawataja wanaopenda kusali wakisimama kwenye pembe za njia ili waonekane. Mhubiri naye, yule wa Agano la Kale, amepanga majira ya kulia na majira ya kucheka.

Bati lina nafuu moja: unaweza kuligeuzia mgongo. Spika haigeuziwi mgongo. Jumapili jioni siku hizi anakuja kijana na spika ya betri ya magurudumu, ile yenye taa zinazowaka rangi rangi, anaiweka pale watu walipojaa, na anaanza. Hazungumzi kwa sauti ya kawaida hata akiwa hatua tano kutoka kwako. Uzinzi, pombe, mavazi, moto. Siku moja nilikuwa nimesimama kwa mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga wakati kijana anajaribu mitambo, "halo, halo, Bwana asifiwe". Mama akaanza kufunika pilipili.

"Unafunga, mama? Mapema hivi?"

"Sifungi mwanangu, nangoja. Wakianza hawa, watu wanahamia kule mbele. Wao wana miguu, meza yangu haina."

Nikasema labda amwambie kijana asogee.

"Nimwambie nini? Mimi mwenyewe nimeokoka. Nikimwambia asogee nitaonekana nimempinga Roho."

Akacheka, akapuliza moto. Hiyo ndiyo shida ya ujumbe wa dini mahali pa wazi kuliko ujumbe mwingine wowote: hata anayeumia hana mdomo. Muuza soda akiweka muziki mkubwa utamfokea. Ukimfokea anayetaja jina la Mungu, kesho mtaani utasikia umemfokea Mungu.

Vitisho navyo huzaa majibu. London mwaka 2009 mabasi yalizunguka na tangazo lililosema pengine Mungu hayupo, basi acha wasiwasi ufurahie maisha yako. Wengi wanalikumbuka kwa kejeli ile. Wanachosahau ni kwamba lilianza kama jibu: kulikuwa na matangazo ya Kikristo mabasini yaliyowaelekeza watu kwenye tovuti inayowaahidi wasioamini moto wa milele. Vikundi vya Kikristo navyo vikajibu kwa mabango yao, kwenye mabasi hayohayo. Abiria alitaka kufika kazini tu.

Sisi hatuhitaji kwenda London kulijua hilo. Wenye umri wangu wanaikumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, Biblia mkono mmoja na Kurani mkono wa pili, kipaza sauti uwanjani, na kaseti zake zikiuzwa mitaani. Ilianza kama elimu ya kulinganisha vitabu. Haikuchukua muda ikawa kila upande unamtukana mwenzake mungu wake, polisi wakaingia, na majirani waliokuwa wakipelekeana pilau ya Idd na keki ya Krismasi wakaanza kupima maneno. Tuliwahi kufika huko.

Hoja ya maana kuliko zote dhidi yangu ni ya mabango ya bia na ya kubeti. Mbona hayo yamejaa, mengine makubwa kama nyumba, na sijayaandikia makala? Ni kweli, na hapa sina jibu la kujitapa. Ningependa ufukwe usiwe na bango lolote, la Mungu wala la bia. Tofauti ninayoiona ni ndogo lakini ipo: bango la bia linanidanganya kwamba nitakuwa na furaha na marafiki wazuri, na lina kampuni nyuma yake inayoweza kuulizwa. Halinitazami usoni likaniambia nimepotea.

Ukienda mapango ya Amboni, nje kidogo ya mji, utaona jambo ambalo huwa nalifikiria. Wageni wanalipa, wanapewa mwongoza njia na tochi, wanaingia kutalii, na humohumo pana mahali ambapo watu huja kutambika na kuacha sadaka zao. Sikubaliani na imani ile, dini yangu hainiruhusu. Lakini sijakuta ukutani tangazo lao la kuniambia nitambike kabla sijatambikiwa. Wanaingia, wanafanya lao, wanatoka. Walioandika ukutani ni wageni waliotaka tujue walifika.

Kwa hiyo nataka nini? Sitaki mtu akatazwe kuhubiri. Katiba, Ibara ya 19, imeacha kutangaza na kueneza dini kuwa jambo huru la mtu binafsi, na sheria za nchi zikiheshimiwa sina mamlaka ya kumfunga mtu mdomo, wala sitamani. Nataka mwenye neno alibebe mwenyewe. Aliandike kwenye dau lake, khanga yake, fulana yake. Akitaka kuhubiri Raskazone, ahubiri kwa koo aliyopewa na Mungu, asimame pale, tumwone, tuweze kumjibu, kumkaribisha mhogo au kumuaga. Mitume hawakuwa na betri. Bati litoke kwenye mkungu, na karatasi la mgonjwa wako litoke kwenye nguzo mara tu mkutano unapokwisha, kazi ambayo wenye mkutano wanaweza kuifanya wenyewe kwa nusu saa.

Na kwa spika, kanuni zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na kanuni zake za viwango vya kelele na mitetemo zilitoka mwaka 2015. Hazikutaja dini ya kelele. Zile baa za pembezoni mwa bahari zinazotusomesha matusi ya singeli mpaka usiku wa manane, watoto wakiwa bado majini, zimo humo humo. Jiji likiamka siku moja kusafisha ufukwe, liwapitie wote kwa siku moja. Likianza na kijana wa spika likaziruka baa, mtanikuta upande wa kijana, na spika yake nitamsaidia kuibeba.