Masikio ya mume wa Anna

Kila anayeanza kuandika hadithi huambiwa asome waandishi wakubwa, ajue kusawiri wahusika. Wapo wanaoukataa ushauri huu. Wanasema mtu akijifunza binadamu vitabuni ataandika binadamu wa vitabuni. Aende akakae na watu, asikilize. Mimi nawapa haki kwa nusu, kwa sababu ubaya wanaouona upo kweli, ila chanzo chake ni namna watu wanavyosoma.

Katika Anna Karenina ya Tolstoy, iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1875, Anna anarudi Petersburg akitoka Moscow, alikokutana na Vronsky, ofisa kijana aliyemvutia. Anashuka kwenye treni, anamwona mumewe amekuja kumpokea, na jicho lake linatua kwenye masikio, yalivyouinua ukingo wa kofia. Anashangaa: yamekuwaje masikio haya? Hayajawa chochote. Ni yaleyale aliyoishi nayo miaka yote. Aliyebadilika ni anayeyatazama. Kabla msimulizi hajataja hisia yoyote, msomaji ameshajua ndoa imefika wapi.

Msomaji mwenye pupa huondoka na masikio. Hadithi yake inayofuata itakuwa na mtu wa kovu, mtu wa kigugumizi na mtu wa pua iliyopinda, kila mmoja na alama yake kama mzigo uliobandikwa namba, na hakuna hata mmoja anayetazamwa na mtu mwenye sababu ya kumtazama. Hapo wapinzani wakicheka, wana haki.

Dawa ni kusoma kidogo, kwa kurudia. Chukua kurasa 10 hivi ulizokwisha kuzisoma kwa starehe, na penseli za rangi nne: moja ya anachotenda mhusika, nyingine ya anachosema, ya tatu ya wanachosema wenzake juu yake, ya nne ya anachotuambia msimulizi waziwazi. Mara nyingi rangi hii ya nne hutokea kuwa chache kuliko ulivyokumbuka; ulidhani umeambiwa, kumbe ulikisia mwenyewe. Kisha funga kitabu, uandike tukio hilo kwa kumbukumbu, maneno 300 yatosha, ndipo ulinganishe. Kosa litajitokeza kwenye mpangilio zaidi ya msamiati: wewe umefungua kwa sura na mavazi, mwandishi wa kitabu ameyachelewesha hadi pale yanapomuuma mtu.

Darasani kuna mtego mwingine. Tangu mwandishi Mwingereza E. M. Forster alipotenganisha wahusika bapa (wa sifa moja isiyobadilika) na wahusika duara (wa pande nyingi, wanaoweza kutushangaza) mwaka 1927, wanafunzi wengi huzichukulia istilahi hizo kama alama za mtihani: duara amefaulu, bapa amefeli. Kwa kipimo hicho Kusadikika ya Shaaban Robert ingeanguka. Majivuno anamshtaki Karama, na majina yenyewe ni majazi, yaani yanataja tabia ya mwenye jina. Tunajua nani ni nani kabla hawajafungua kinywa. Lakini kitabu kile ni hoja iliyovikwa hadithi. Mpe Majivuno utoto wa huzuni na mashaka ya usiku, mashtaka yatalegea na hoja itapoa. Ubapa wake ni chaguo, na asomaye riwaya za uhalisia peke yake hataliona.

Kuna mambo ambayo kazi bora haziwezi kufundisha kabisa. Kitabu kilichochapwa hakionyeshi kilichofutwa, kwa hiyo hakimwelekezi mtu la kufanya na mhusika aliyekufa mikononi mwake kwenye ukurasa wa 40. Kwa hilo riwaya dhaifu ni mwalimu mzuri zaidi (husemwa mara chache, sijui kwa nini): nyuzi zake zinaonekana, na unaweza kunyoosha kidole pale mhusika alipoanza kutenda kwa amri ya mwandishi.

Jambo la pili ni usemi. Anayejifunza mazungumzo kutoka riwaya za zamani hupata wahusika wanaoongea sawasawa, wote kwa lugha ya msimulizi wao. Futa majina katika kurasa mbili za mazungumzo yako, umpe mwingine asome. Akishindwa kutofautisha wasemaji, weka vitabu kando kwa muda ukasikilize watu wakibishana.