Kwenda Kizimkazi kwa Baiskeli

Wapo wanaosema kwamba Mkoa wa Kusini Unguja hauna cha kutazamwa zaidi ya fukwe, kima punju wa msitu wa Jozani na pomboo wa Kizimkazi. Kauli hiyo hutolewa na watu waliopita njia ya kutoka mjini hadi Kizimkazi ndani ya gari. Kwa mwendo wa saa moja na kidogo abiria hupitishwa chini ya miembe ya Bungi, mbele ya njia ya kuingilia Unguja Ukuu na karibu kabisa na msikiti wa Dimbani, na dereva hata hapunguzi mwendo, kwa sababu ameahidi kuwafikisha watalii kwenye boti za pomboo kabla jua halijawa kali. Maoni yangu ni kwamba mambo ya kale ya upande huu wa kisiwa, ambayo mengi ni madogo na hayajipigii debe, yanamfaa zaidi mtu wa baiskeli, na kwamba barabara inayoyaunganisha inastahili kulindiwa utulivu wake kama yanavyolindwa magofu yenyewe.

Njia haina ugumu. Unguja ni kisiwa kisicho na milima. Sehemu yake iliyo juu kabisa haifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari, na huku kusini ardhi ni tambarare ya mawe ya matumbawe ambayo hata ile baiskeli ya Phoenix nyeusi isiyo na gia, yenye karia ya chuma ya kubebea magunia ya muhogo, huimaliza bila ya mwenyewe kushuka na kusukuma. Kinachohitaji kufikiriwa ni upepo. Mimi huchagua msimu wa kusi, baina ya Juni na Agosti, hali ya hewa inapopoa: alfajiri upepo huwa haujakaza, kwa hiyo mtu huenda zake kusini bila ya kupigana nao, na alasiri, unapokuwa umekaza, humsukuma mgongoni wakati wa kurudi. Kaskazi humpiga mpandaji ubavuni karibu njia nzima na jua lake halina huruma. Masika ndiyo hayafai kabisa, kwani maji hufunika mashimo na mtu hajui gurudumu litatumbukia wapi.

Kipande cha kutoka mjini hadi Mwanakwerekwe na Fuoni sikipendi, wala simshauri mtu ajifundishe kukipenda. Daladala husimama ghafla popote abiria anapogonga bati, na mwenye baiskeli hubanwa baina ya gari na mtaro. Utaratibu wa watu wa shamba ni wa busara zaidi: baiskeli hupandishwa juu ya daladala pamoja na mizigo mingine, ikateremshwa Tunguu, na safari ikaanzia hapo.

Ukishaipita Tunguu, hufika pahala, huko Bungi, ambapo miembe mikongwe imejipanga pande zote mbili za barabara na matawi yake yakakutana juu. Masimulizi humtaja Bi Khole, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar; binti huyo, aliyefariki mwaka 1875, hutajwa kuwa ndiye aliyeipandisha, na magofu ya jumba lake yapo si mbali na hapo, upande wa baharini. Kwa mtu wa gari miembe hiyo ni giza la muda mfupi kwenye kioo. Kwa baiskeli mtu huuhisi ubaridi wake kabla hajaingia kivulini, huona kwamba nafasi baina ya mti na mti ni za kupimwa, na huyaona pia mapengo ambapo miti iliyozeeka imeanguka. Msimu wa maembe harufu ya matunda yaliyopasuka juu ya lami humfikia mapema, na ni vyema apunguze mwendo, maana ganda la embe chini ya tairi huteleza kuliko mafuta.

Ni vizuri pia kumkumbuka aliyeyachimba mashimo ya miti hiyo. Mashamba ya ukoo wa kifalme katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa Zanzibar hadi mwaka 1897. Hadithi wanazosimuliwa wageni hupenda kumzungumzia binti wa mfalme na anasa zake. Waliobeba maji ya kumwagilia miche hawatajwi. Nikipita pale huwa nawafikiria wao zaidi kuliko yeye.

Mchepuko wa Unguja Ukuu ni mfupi, nao humfikisha mtu kwenye Ghuba ya Menai. Asiende akitarajia jumba wala ukuta wa kupigia picha. Wanaakiolojia waliochimba hapo wamekuta makazi yaliyokuwa yakipokea vyombo kutoka Ghuba ya Uajemi na hata China kabla ya mwaka 1000, yaani karne nyingi kabla ya Mji Mkongwe kuwa na majumba yake ya mawe. Mgeni huona minazi, ngalawa, na pengine kigae cha chungu kilichojitokeza mchangani, ambacho akitazame na kukiacha pale pale.

Jozani ndipo ilipo hoja yangu kubwa, ingawa si kwa sababu ya msitu. Barabara inapita katikati ya makazi ya kima punju, mnyama ambaye asili yake ni kisiwa hiki tu, na kwa muda mrefu kima hao walikuwa wakigongwa na magari walipokuwa wakivuka. Yakawekwa matuta, magari yakalazimika kupunguza mwendo, na vifo vya kima barabarani vikapungua. Hakikuhitajika kitu kikubwa. Kwa mtu wa baiskeli kipande hicho ni raha tupu: gari inayokuja nyuma husikika mapema, dereva anapobadilisha gia mbele ya tuta, na mpandaji hupata muda wa kusogea pembeni bila ya kushtuka. Sina wivu na kima. Ninachouliza ni kwa nini utaratibu uliowafaa wao usiwafae ipasavyo watoto wa skuli, miembe ya Bungi, na kila pahala ambapo kuna jambo la kale linalomtaka mtu asimame.

Kwenye njia panda ya Kitogani magari mengi hukata kushoto kwenda Paje. Anayekwenda Kizimkazi hukata kulia kuelekea Muyuni, na ghafla barabara huwa yake. Huko hukutana na wanawake wanaoendesha baiskeli kwenda shamba au kutembelea jamaa, buibui limekunjwa na kubanwa chini ya paja lisije likaingia kwenye mnyororo, na hakuna anayewashangaa. Hukutana pia na salamu. Gari halisalimiwi, lakini mtu wa baiskeli akimpita mzee barazani bila ya kusema shikamoo huonekana hana adabu, na akiisema, mara nyingi huulizwa anatoka wapi, anakwenda kwa nani, na kama amekwishakunywa chai.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani kwa nje hauna lolote la kumsimamisha mpita njia: kuta zilizopakwa chokaa, paa la bati, makaburi ya zamani pembeni. Huvua viatu mtu, akaingia na mwenyeji, na macho yakishazoea kivuli hukiona kilichopo kwenye ukuta wa kibla. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe pembeni mwa mihirabu, herufi zikiwa na vishina na majani yanayochipua kutoka ndani yake, kwa ufundi ambao mkono wa leo wenye vyombo vya umeme ungeuonea taabu. Yanamtaja Sheikh Abu Imran Musa kuwa ndiye aliyeamuru msikiti ujengwe, na yana tarehe ya mwezi wa Dhulkaada mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana sasa ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale yamebakia, na watu wanaendelea kusali mbele yake. Napenda hilo kuliko makumbusho yoyote, na ndiyo maana mgeni anapaswa kupanga safari yake asije wakati wa sala ya Ijumaa akiwa na kamera shingoni.

Najua nitajibiwa kwamba watu wa Kusini wanahitaji barabara ya haraka, na kwamba utulivu ni anasa ya mtu aliyekuja kutembea. Jibu hilo lina nusu ya haki. Mgonjwa anayetolewa Makunduchi kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja mjini hana haja ya mandhari, na lami ndiyo hiyo hiyo inayoniwezesha mimi kufika Dimbani kwa baiskeli. Lakini wanaotumia baiskeli zaidi katika barabara hii ni wenyeji wenyewe, na wao ndio wanaoumizwa na ukingo wa lami uliokatika kama ngazi, ambapo lori la mchanga likija mtu hana budi kuruka kwenye kokoto pamoja na mzigo wake wa kuni. Ukingo huo ukiondolewa na kuwekwa bega la barabara la upana wa mita moja, mgonjwa hacheleweshwi na muuza kuni haanguki.

Miembe ya Bungi nayo ijaziwe mapengo yake, na mradi wowote wa kupanua barabara pale uipitishe njia ya pili nje ya safu badala ya kuikata. Kazi ya miche ndiyo ningeianza kabla ya zote, kwa sababu matuta huwekwa kwa siku chache lakini mwembe wa kufunika barabara nzima huchukua umri wa mtu, na iliyopo hivi sasa inaendelea kuanguka.