Kupinda si dalili ya ufundi mbovu

Kuna mwandishi mmoja anayedai kuwa Little Moreton Hall, nyumba ya mbao iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 huko Cheshire, Uingereza, imepinda kwa sababu mafundi wa enzi hizo hawakujua vipimo. Mimi ni seremala na sikubaliani naye hata kidogo. Kilichoielemea ni ukumbi mrefu wa juu, karibu mita 21, uliopachikwa ghorofani baadaye, kisha ukaezekwa kwa mabamba mazito ya mawe. Fremu ya chini haikupangiwa mzigo huo. Tena mwaloni ulichongwa ungali mbichi, ukakaukia ukutani, na lazima ujikunje. Boriti zimeunganishwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya boriti moja huingia kwenye tundu la nyingine, zikakazwa kwa vigingi vya mti, kwa hiyo kiungo husogea kidogo bila kuchomoka. Viungo hivyo vimesaidia kuiokoa nyumba! Halafu tazameni madirisha ya uani: Richard Dale, seremala, alichonga jina lake na mwaka 1559. Asiyejua kazi angethubutu kuweka jina hapo? Mafundi wenzangu, nani kati yenu bado anafunga paa kwa vigingi bila msumari?