Mwezi Mkubwa Ulinikuta Tarehe 14

Juzi tena nimetumiwa ule ujumbe: usiku wa leo mwezi utakuwa mkubwa kuliko kawaida, usikose, watumie na wengine kumi. Nimeufuta kabla sijaumaliza. Mimi na mwezi mkubwa tuna kesi ya siku nyingi, na wakikataa kunisikiliza mahakamani nitawasimulia nyie.

Kwanza mtu wa mshahara hahitaji kufundishwa mwezi mkubwa ni upi. Mwezi mkubwa ni ule ambao kalenda inasoma tarehe 14 na mfuko unasoma 30. Kwa kipimo hicho miezi yangu yote ni mikubwa. Februari ndiyo yenye adabu kidogo. Januari sitaki hata kuitaja, ina siku 31 lakini mimi huzihesabu zikafika sitini na kitu.

Sasa mwaka 2016 miezi yote miwili, wa angani na wa mshahara, ikanikamata siku moja. Jumatatu, tarehe 14 Novemba. Tangu asubuhi redio za kwenye daladala zilikuwa na wimbo mmoja: leo supamuni, mwezi mpevu haujawahi kutusogelea hivi tangu Januari 1948, na ukishapita leo hautakaribia kiasi hiki tena mpaka tarehe 25 Novemba 2034. Kondakta akageuka, akatutazama abiria mmoja mmoja kama anayepima nani atafika 2034. Mimi akaniruka.

Kazini ndiyo usiseme. Kuna mwenzangu mmoja, kila jambo yeye keshalipangia safari. "Watu wote leo Coco," akasema. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Kutoka Mbagala mpaka Coco Beach unabadilisha gari. Sisi ni wanne, kwenda na kurudi. Mihogo ya kukaanga na chachandu, hapo hujala, umeonja. Watoto watanusa mishikaki. Mama Zai atasema hana hamu ya kitu, halafu atakunywa soda yangu. Nilipofika kwenye jumla nikaikunja ile karatasi nikaiweka kwenye kiatu. Hela yote hiyo nikaangalie kitu kinachopita juu ya bati langu bure!

Nikaamua tutauangalia nyumbani, na nitaupiga picha. Hapo ndipo nilipoharibu.

Simu yangu niliinunua Kariakoo, imeshapitia mikono ya watu ambao sitaki kuwajua. Kamera ipo, ila nikitaka kupiga inaniambia nafasi imejaa. Imejaa nini? Maua. Maua ya "asubuhi njema" kutoka kwa ndugu zangu ambao wakati wa shida hawapokei simu. Nikakaa kitandani nafuta maua dakika arobaini, nikayamaliza, nikagundua bando nalo limekwisha. Picha ya mwezi bila bando utamwonyesha nani? Nikaenda kwa Mangi.

"Mangi, niandikie vocha ya elfu moja."

"Baba Zai, juu ya ule unga na mkaa?"

"Juu ya hivyo hivyo. Nakulipa mwezi huu huu."

Akaandika. Yule mtu ana mwandiko mzuri sana akiandika madeni.

Saa kumi na mbili na robo tukatoka nje, maana mashariki yetu imezibwa na ghorofa la jirani ambalo tangu nihamie linasubiri ghorofa ya pili. Tukasimama barabarani, mbele ya duka la Mangi. Jua linazama mgongoni, mwezi unachomoza usoni, kama walinzi wanaopokezana lindo. Na hapa niseme haki, ulitoka mzuri. Umekaa juu ya mabati, rangi ya papai lililoiva, mkubwa kama sinia la pilau. Hata bodaboda walizima pikipiki. Mama Zai akanishika mkono hadharani, kitu ambacho hakijatokea tangu tulipe mahari.

"Baba Zai, piga basi."

Nikapiga. Tukainamia kioo wote wanne. Kidonge. Kidonge cheupe kwenye giza, cha kumeza baada ya chakula. Nikapiga ya pili, mkono ukatikisika, ikatoka miezi miwili. Ya tatu, dole gumba. Ya nne nikavuta karibu mpaka simu ikakataa kuvuta tena, likatoka kitu kama andazi linaloonekana kupitia chupa ya mafuta ya taa. Nainua macho, sinia la pilau. Nainamisha macho, kidonge. Nikaanza kuwashuku wale wa Kariakoo.

Akapita kijana mmoja wa mtaani, yeye anapiga picha za harusi na za vitambulisho. Akanionea huruma. "Mzee, simu yako inaona giza tupu, inadhani unataka kulipiga picha giza. Inafungua jicho lote, mwezi unaungua." Nikamwambia si usiku huu? Akasema huku chini ndiyo usiku, kule kwenye mwezi ni mchana, yale ni mawe yamepigwa na jua kama ukuta wa shule saa sita, basi uupige kama unavyopiga ukuta mchana. Gusa mwezi kwenye kioo, shusha mwanga, egemeza simu kwenye nguzo, usipumue.

Nikagusa, nikashusha, nikaegemeza, sikupumua. Ikatoka. Safari hii kweli ni mwezi, una na madoa yake. Ila udogo wake, ndugu zangu! Nilidhani ni uchafu kwenye kioo, nikaufuta na shati, haukufutika.

"Na zile za magazetini," nikamuuliza, "mwezi umemeza mnara wa msikiti mzima?"

"Wale wana lenzi ndefu kama mchi, mzee. Halafu wanasimama mbali, hata kilomita na zaidi. Ukirudi nyuma mnara unapungua, mwezi haupungui. Wanavuta vyote viwili pamoja."

Kumbe mwezi haukuongezeka chochote, mnara ndio uliopunguzwa! Miaka yote nimekuwa nikishangilia kudogoshwa kwa misikiti.

Ningeishia hapo ningelala salama. Lakini nina mtoto anasoma. Zai wakati ule alikuwa na miaka 12, darasa la sita, umri ambao mtoto anajua kila kitu isipokuwa mahali alipoacha ndala. Akasema, "Baba, hata huo ukubwa unaouona ni macho yako tu. Mwalimu kasema tupime kwa mbaazi."

Kaingia ndani, katoka na punje moja ya mbaazi kavu, kaitoa kwenye akiba ya mama yake. "Nyoosha mkono. Fumba jicho moja. Ziba mwezi." Nikacheka. Sinia la pilau lizibwe na mbaazi? Nikanyoosha mkono, nikafumba jicho, nikaweka punje. Mwezi ukapotea. Nikaondoa, upo. Nikaweka, haupo. Mwezi ulioshinda redioni siku nzima, unaofichwa na mbaazi moja!

"Sasa usubiri upande juu, uzibe tena," akasema, akaenda zake kulala. Mwanasayansi gani huyo anayemwachia baba yake utafiti.

Nikasubiri. Saa nne usiku mwezi uko utosini karibu, mweupe, umekonda, umekuwa kisahani cha chai. Nikasema hapa mbaazi itabaki nusu. Nikatoka uani na bukta, nikanyoosha mkono mbinguni, jicho moja nimefumba, nimebana punje kwa vidole viwili. Ikaziba vilevile! Sawasawa na jioni. Sikuamini. Nikabadilisha jicho. Nikabadilisha mkono. Nikasogea hatua tatu kuelekea choo, nikajaribu tena.

Nyumba yetu ina vyumba sita vya wapangaji. Ndani ya dakika tano mapazia sita yalikuwa yamefunguka vidole viwili viwili. Mtu mzima, saa nne usiku, mwezi mpevu, nusu uchi, ananyooshea mbingu punje na midomo inamcheza (nilikuwa nahesabu). Chumba cha tatu wakafunga dirisha. Chumba cha tano wakatoa mtoto aliyekuwa kalala upande wa uani. Kesho yake yule mama wa chumba cha tano aliniamkia "shikamoo", na ananizidi umri.

Mmoja tu hakunikimbia, Bibi wa chumba cha mbele, mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Yeye alikuwa amekaa kibarazani na bakora yake tangu magharibi.

"Mwanangu unatafuta nini huko juu?"

"Bibi, leo mwezi mkubwa. Haujaja hivi tangu 1948."

"1948 nilikuwepo," akasema. "Hatukuambiwa."

Nikamweleza vizuri, kama redio ilivyoeleza. Kwamba mwezi hauzunguki dunia kwa duara kamili, kuna pahala unasogea na kuna pahala unajitenga. Kwa wastani uko kilomita 384,400, na siku ile ulifika 356,509. Umejikusuru karibu kilomita elfu 28, ni sawa na kwenda Mwanza na kurudi zaidi ya mara kumi. Mdogo wangu yuko huko huko Mwanza, ana deni langu, hajasogea hata Morogoro.

"Na sasa umekuwa mkubwa kiasi gani?"

"Asilimia 14, Bibi. Na mwanga asilimia 30."

"Kuliko nini?"

Hilo ndilo swali ambalo redio hawakuulizwa. Kuliko mwezi mpevu ukiwa mbali kabisa. Na hao wawili hawajawahi kutoka usiku mmoja ukawaweka pamoja. Kuliko mwezi mpevu wa kawaida ni kama asilimia saba tu. Asilimia saba! Mama ntilie ananipunguzia chapati zaidi ya hapo kila Jumatatu na sijawahi kujua mpaka nikae karibu na mtu mwenye chapati ya Jumapili.

Bibi akatema mate pembeni. "Mwezi kumi na nne ni mwezi kumi na nne, mwanangu. Kila mwezi upo. Mnaangalia mbinguni, angalieni baharini. Kesho na kesho kutwa maji ya bamvua yatajaa mpaka yashangaze, na yakitoka mtaona miamba ambayo hamuijui. Na mkeo mwambie asihangaike na dagaa wiki hii."

"Dagaa wamefanya nini?"

"Karabai inashindwa na mwezi. Dagaa wanafuata taa kwenye giza. Bahari nzima ikiwa nyeupe namna hii, nani atafuata taa yako? Wavuvi wanalala na wake zao."

Kumbe! Na mimi nilikuwa najiuliza kwa nini kila katikati ya mwezi Mama Zai anarudi sokoni anagomba, fungu limekuwa la paka na bei imekuwa ya sangara. Nilikuwa namlaumu muuzaji. Kumbe aliyenipandishia dagaa ndiye yule yule niliyeshinda nampigia picha, nimemkopea na vocha!

Nikaingia ndani nimenuna. Lakini hela ya watu imeshatumika, nikasema angalau niirushe ile picha moja kwenye kundi la ukoo. Nikaandika: "Supamuni kutoka Mbagala, haitarudi mpaka 2034." Nikasubiri sifa.

Shangazi wa kwanza: "Hiyo taa ya nani?"

Baba mdogo: "Hongereni, umeme umerudi huko?"

Binamu mmoja akaivuta, akaizungushia duara jekundu, akauliza, "Mwezi ni hiki kidoa au kile pale?" Kile pale ilikuwa balbu ya Mangi. Na kusema kweli balbu ya Mangi ilikuwa imetoka vizuri zaidi. Ilionekana mpaka waya.

Yule mdogo wangu wa Mwanza ndiye aliyenimaliza. Hakuandika kitu. Alituma ua. Asubuhi njema.

Siku hizi nimesikia supamuni zinakuja tatu au nne kila mwaka, na jina lenyewe si la wanasayansi, alilitunga mnajimu mmoja wa Marekani, Richard Nolle, mwaka 1979. Mnajimu! Ningejua mapema vocha ile ningeinunulia sukari.

Ile elfu moja kufika mwisho wa mwezi sikuwa nayo. Nilipita mbele ya duka kwa mwendo wa mtu anayewahi msiba. Mangi akaniita kwa jina lote, mbele ya wateja.

"Baba Zai, ulisema unalipa mwezi huu huu. Leo tarehe 30."

"Mangi," nikamwambia, "hukunielewa. Nilisema mwezi huu huu, huu uliokuwa mkubwa. Ndio nausubiri urudi."

"Unarudi lini?"

"Tarehe 25 Novemba 2034."

Watu wakacheka. Mangi hakucheka. Akachukua kalamu ya sikioni, akafungua daftari, akanyamaza kidogo anapiga hesabu. "Wewe una miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

"2034 utakuwa na sitini. Ndiyo unastaafu." Akaandika taratibu, kwa ule mwandiko wake: vocha 1,000, kiinua mgongo. Akanigeuzia daftari nitie saini.