Pawa saplai, kaswichi kekundu na nusu kipara

Mi fundi wa kujifunza mwenyewe, chuo changu ni bando. Nimechoka kununua adapta kila nikitaka kuwasha taa za LED za volti 12, nikagundua kumbe pawa saplai ya kompyuta ya mezani imebeba vyote humo humo, waya wa njano 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, nyeusi hasi, na ukitaka iwake bila kompyuta unagusanisha wa kijani na mweusi basi. Nikashuka Kariakoo nikapata chakavu moja kwa elfu kumi.

Siku ya kuiwasha nilijipanga asikwambie mtu. Ndala za mpira, mkono mmoja mfukoni, kibanio cha nywele cha dada nimekinyoosha kwa ajili ya ule waya wa kijani maana huo ndo nilikuwa nauogopa. Nikamwambia mtoto wa dada, miaka minne, usiguse hii kitu inarusha watu, nikaenda kula ugali.

Nikarudi, bismillah, nikachomeka ukutani. Kibanio hata sijakishika. PAAA! Mwanga, moshi, harufu ya plastiki na samaki, mi nipo nyuma ya kabati sijui nimefikaje, na umeme umekata.

Sasa fremu ya mbele ni ya baba mdogo, kinyozi, na mein swichi tunatumia moja. Mashine kimyaa. Mara mlangoni katokea mzee na shuka la kinyozi shingoni, kichwa kulia kinang'aa, kushoto msitu, anauliza kwa upole kabisa (bora angetukana): "Kijana, saa kumi napeleka mahari. Umefanya nini?"

Nikakimbilia mein swichi, ikarudi, mzee akamaliziwa bure, bure yenyewe nikalipa mimi.

Nikataka kulifungua lile boksi nikakumbuka makapasita ya mle (vile vikopo vya kutunza umeme) yanaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa, nikaligeuza tu. Nyuma kuna kaswichi kekundu, mi nilikaacha volti 230, sasa kanasoma 115, yaani linajua limeletewa umeme mdogo wa Marekani kwa hiyo ndani linaudabo, na mi nimeliletea 230 ya kwetu!

"Nani kashika hapa?"

Mtoto akanyoosha mkono, anajisikia kweli: "Mimi anko. Nilikizima, si ulisema kinarusha watu?"