Kihamba kilipokuwa cheupe mara tatu

Mwaka 2024 niliomba ruhusa kazini ili Aprili 6 niipeleke familia kutazama micheri, yaani miti ya maua ya cheri, ya bwawa la Tidal Basin, mjini Washington, ambayo asili yake ni miche iliyotolewa na jiji la Tokyo mwaka 1912. Tulikuta majani mabichi, na petali zilizonyauka zikielea kandokando ya maji kama maganda ya vitunguu, kwa kuwa maua yalikuwa yamefikia kilele Machi 17. Nilinung'unika kama abiria aliyeachwa na basi la alfajiri. Mzee jirani yetu akanijibu kwa utulivu kwamba tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1921, kilele hicho kimewahi kwa takriban wiki moja.

Jibu hilo liliniudhi kuliko safari ya bure, kwa sababu alikuwa na tarehe. Kitumba cha mcheri hulala wakati wa baridi, na kisiposhiba baridi hakiamki vizuri. Kikishashiba, hukusanya joto siku baada ya siku hata kikafunguka. Machi ikiwa na joto, hesabu hutimia mapema, na hapo sakitu, umande ulioganda, huweza kuyafumania maua, kama ilivyounguza karibu nusu ya maua ya aina ya Yoshino mwaka 2017.

Mti wetu wa kahawa kule nyumbani nao una hesabu yake. Hufunga vitumba wakati wa ukame ukingoja mvua. Ikinyesha ya kutosha, baada ya siku nane au kumi kihamba kizima, shamba letu la nyumbani, huwa cheupe na kunukia kama asumini, na siku chache baadaye maua yamekwisha. Mvua ikija vipande vipande, maua huja vipande vipande, na mama hulazimika kurudia tawi lile lile mara tano kuchuma buni zilizoiva. Mambo haya yalianza kuvurugika mwaka gani? Nilimpigia mjomba simu, akasema "tangu zamani kidogo", kisha akaniuliza habari za pesa ya dawa ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa.

Najua nitaambiwa kwamba nimekanyaga theluji miaka tisa na sasa nawafundisha wakulima kilimo. Sivyo. Watu wa pwani waliuhesabu mwaka wa jua wa Nairuzi kwa miongo, siku kumi kumi, wakajua wakati wa kupanda na wa kutweka tanga. Wala sisemi Wamarekani wametuzidi akili, maana wenye tarehe hizo ndio hao hao wanaopanga foleni ya magari, injini zikinguruma, kwenda kupiga picha maua yaliyowahishwa na moshi huo huo. Mwingine atasema daftari la kuandikia tarehe halileti mvua wala halipandishi bei mnadani. Kweli kabisa, lakini bwana shamba akija na karatasi zake kutushauri tung'oe miche, tutabishana naye kwa "zamani kidogo"?

Nimemwomba mpwa wangu aandike kwenye kalenda ya ukutani siku ambayo kihamba kinakuwa cheupe. Amenijibu kwamba tangu vuli ianze kimeshakuwa cheupe mara tatu, aandike ipi?