Pima bayasi ya valvu zako, mchoro hauijui transfoma yako

Wajenzi wengi wa amplifaya za valvu moja kwa kila chaneli huumiza kichwa juu ya transfoma, kapasita na nyaya, halafu rezista ya kathodi (kathodi ni sehemu ya valvu inayotoa elektroni, na rezista yake ndiyo inayopanga bayasi, yaani volteji na mkondo wa valvu pasipo sauti) wanailehemu vilevile ilivyoandikwa kwenye mchoro. Sauti ikitoka, kazi imeisha. Valvu nyingi zinakufa mapema kwa sababu hiyo. Zile omu 135 unazoziona kwa valvu ya EL84 zilipangwa kwa volti 250 za anodi (bamba linalopokea mkondo) na za skrini (gridi ya pili, iliyo kabla ya anodi). Transfoma yako ya umeme ikikupa 290, rezista ileile itaruhusu mkondo mkubwa zaidi juu ya volteji ambayo tayari imezidi, na joto linapanda kwa njia zote mbili.

Amplifaya za aina hii hufanya kazi katika daraja A: mkondo unapita muda wote, uwe unasikiliza au hausikilizi. Valvu huwa ya moto zaidi kukiwa kimya, maana muziki ukianza sehemu ya nguvu hiyo inahamia kwenye spika. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoleta hapa kanuni ya kuiacha valvu kwenye asilimia 70 ya wati inazoweza kubeba anodi, ambayo ni ya amplifaya za gitaa zenye valvu mbili zinazopokezana. Ukishusha bayasi kiasi hicho, upande mmoja wa wimbi unakatika mapema na wati chache ulizonazo zinapungua bure. Kwa valvu ndogo kama EL84 na 6V6, mimi nalenga asilimia 85 hadi 92 ya uwezo wa anodi. Mia kamili naikataa, ingawa mfano maarufu wa EL84, volti 250 kwa miliampia 48, unafika wati 12 ambazo ndizo kikomo chake. Umeme wa ukutani ukipanda kidogo tu, umeshavuka.

Sasa vipimo. Kabla ya kuwasha, pima rezista ya kathodi yenyewe kwa multimeta, kwani iliyoandikwa 150 inaweza kuwa 142. Funga spika au rezista ya omu 8 kwenye kutokea. Usiwashe kamwe amplifaya transfoma ya sauti (ile inayolisha spika) ikiwa wazi, bila mzigo. Bana waya mweusi wa multimeta kwenye chasisi kwa klipu, ushike waya mwekundu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukae mbali. Subiri dakika 10 valvu itulie.

Tuchukue EL84. Pini ya 3, yaani kathodi, inasoma volti 7.5 kwenye rezista ya omu 150. Hiyo ni miliampia 50. Pini ya 7, anodi, inasoma 252. Wengi huzidisha hapohapo: 252 kwa 0.05, wati 12.6, kisha wanashtuka na kubadilisha rezista. Hesabu hiyo ina makosa mawili. Mkondo wa kathodi umebeba pia mkondo wa skrini. Weka rezista ya omu 100 kabla ya pini ya 9, yaani skrini, na ukikuta nusu volti juu yake, skrini inakula miliampia 5. Anodi inabaki na 45. Na volteji inayohesabiwa ni ya kutoka anodi hadi kathodi, siyo hadi chasisi: 252 toa 7.5 ni 244.5. Zidisha, unapata wati 11, asilimia 92. Valvu iko salama kabisa.

Kama mkondo umezidi, panda hatua moja: 150, kisha 160, kisha 180. Rezista iwe ya wati 2 au zaidi hata kama hesabu inatoa chini ya nusu wati. Usikimbilie kuongeza mkondo ukidhani besi itanenepa. Transfoma ya sauti ina pengo kwenye kiini chake kwa ajili ya mkondo wa moja kwa moja, lakini pengo hilo lina kiwango chake. Ukipita hapo kiini kinashiba, na besi ndiyo inayoondoka kwanza.

Kipimo ambacho hakuna anayekipenda, na ambacho mimi sikiruki, ni volteji ya gridi, waya wa ndani ya valvu unaodhibiti mkondo, pini ya 2. Kwa bayasi ya kathodi inatakiwa kuwa sifuri. Ukiona hata nusu volti chanya, chomoa valvu upime tena. Ikibaki, kapasita ya kuunganisha (inayoleta sauti kwenye gridi kutoka hatua iliyotangulia) inavuja, itupe. Ikitoweka, valvu ina gesi ndani. Rezista ya gridi ya thamani kubwa huzidisha tatizo hili: kwa EL84 yenye bayasi ya kathodi kikomo ni megaomu 1, kwa bayasi ya volteji hasi ya nje (inayoletwa kwenye gridi na chanzo chake) ni kiloomu 300 tu. Mkondo mdogo wa gridi unainua volteji ya gridi, mkondo wa anodi unapanda, joto linaongeza gesi, na anodi inaanza kung'aa nyekundu.

Kapasita ya kathodi nayo hukosewa. Watu wanaikokotoa kwa rezista peke yake, wakisahau kwamba kathodi yenyewe ina ukinzani wake, kwa EL84 kama omu 88, uliosimama sambamba na rezista. Pamoja ni omu 53 hivi kwa rezista ya 135. Maikrofaradi 22 zinaanza kukata kwenye hezi 136, besi imeliwa. Weka 470, ya volti 50.

Kwa 300B, valvu kubwa zaidi, mizani inabadilika. Volti 350 na miliampia 60 zinataka volti 74 za bayasi, yaani rezista ya omu 1,230 inayotoa joto la wati 4.4 (nunua ya wati 10 au zaidi), na chanzo cha umeme lazima kitoe volti 424 (350 jumlisha 74) kabla ya hasara za transfoma. Hapo naelewa anayechagua volteji hasi ya nje. Ila potenshiometa yake (rezista ya kurekebisha volteji hiyo) iwe na rezista kati ya mguu wa katikati na upande wenye hasi kubwa zaidi, ili mguu ukipoteza mguso gridi ivutwe kwenye hasi ya juu na valvu izimike badala ya kuungua.